Damu inaruka Rwanda tangu 2016: kwa nini droni bado inatengewa anga yake badala ya kuingizwa foleni moja na ndege nyingine?

#1 Pembe_ya_Anga
Wakuu, salaam. Oktoba 2016 kampuni ya droni ya Zipline walianza kusambaza damu kutoka Muhanga, Rwanda. Chombo cha kilo 20 hivi, mzigo usiozidi kilo 2, mwendo wa km 100 kwa saa, hospitali zilizo hadi km 80. Mwaka 2018 droni ya Wingcopter ya mradi wa DHL na GIZ (shirika la maendeleo la Ujerumani) ikavuka Ziwa Victoria kutoka Mwanza hadi Ukerewe, km 60 kwa dakika 40. Kwa hiyo suala la kuruka limekwisha.

Lakini ukichunguza, mtindo ni ule ule kila mahali. Droni inachorewa kipande chake cha anga, NOTAM (tangazo rasmi kwa marubani) inatoka, ndege zenye rubani zinaambiwa zipite pembeni. Huko ni kutengana, wala si kuunganishwa.

Dai langu: kizuizi ni kimoja tu, droni haina macho. Sheria ya zamani kuliko zote angani inamtaka rubani aone na akwepe, na hapa ndani hakuna mtu wa kuona. Tukilimaliza hilo, mengine ni makaratasi. Mwenye hoja tofauti aje.

#2 Kiungo Hai
Macho ni la pili. La kwanza ni kiungo cha amri, yaani redio inayomfunga rubani wa mbali na chombo chake.

Chukua hiyo hiyo Mwanza–Ukerewe. Antena ya chini ikiwa juu ya mlingoti wa mita 10 na droni ikiwa mita 120, upeo wa redio ni km 58 hivi, hata kama ziwa limetulia kama kioo. Safari ni km 60. Droni ikishuka hadi mita 20 kutafuta pa kutua, upeo unabaki km 31. Maana yake sekunde za hatari kuliko zote, za kutua, rubani wa Mwanza haoni wala hasikii kitu. Lazima iwepo antena ya pili kisiwani, au mtandao wa simu, au setilaiti.

Mtandao wa simu nao una lake. Antena za minara zimeinamishwa chini kuwahudumia watu walioko ardhini. Ukiwa mita 120 unapokea mabaki ya minara mingi kwa pamoja, kila mmoja una nguvu karibu sawa na mwenzake, na modemu inahamahama kutoka mnara hadi mnara. Kwenye ramani ya kampuni ya simu eneo ni kijani tupu, huku juu kiungo kinakatika.

#3 Mnara wa Pili
Wote wawili mnaangalia chombo. Angalieni kiti cha mwongoza ndege.

Kazi yake imejengwa juu ya kasi na tabia zinazotabirika. Pasipo rada, ndege mbili kwenye njia moja na mwinuko mmoja zinatenganishwa kwa muda, dakika 10 au 15. Sasa weka droni ya noti 54 (noti ni maili ya baharini kwa saa) mbele ya Caravan, ndege ndogo ya abiria, ya noti 160. Hizo dakika 10 ni maili 9 za baharini kwa droni, na Caravan inazimeza kwa muda mfupi sana. Itabidi zitenganishwe kwa mwinuko, na droni ndogo haina uwezo wa kupanda futi 1,000 kwa haraka ikiambiwa.

Halafu yapo maagizo ya kila siku ambayo droni haiwezi kuyatii. "Mfuate aliye mbele yako ukimwona." "Jitenge mwenyewe kwa macho." "Zunguka juu ya kona ya bandari mpaka nikuite." Kila agizo la namna hiyo likifutwa, mwongoza ndege anabeba mzigo ambao zamani alimkabidhi rubani. Droni moja anaibeba. Tano kwa saa, anaomba msaidizi.

#4 Bi Dira
Habari zenu. Nashangaa hakuna aliyegusa kimo. Kabla ya kuona, kabla ya kuongea, vyombo viwili lazima vikubaliane viko juu kiasi gani. Havikubaliani.

Ndege yenye rubani inapima mwinuko kwa mgandamizo wa hewa, na rubani anaweka namba ya mgandamizo wa kiwanja anayopewa na mnara. Droni nyingi hujiwekea sifuri pale zilipowashwa, kisha zinahesabu kutoka hapo. Nyingine zinatumia setilaiti, ambayo haipimi kutoka usawa wa bahari bali kutoka umbo la hesabu la dunia. Tofauti ya hayo mawili hubadilika kutoka sehemu hadi sehemu. Kusini mwa India umbo la bahari liko zaidi ya mita 100 chini ya lile la hesabu.

Tuje Mwanza. Kiwanja kiko karibu mita 1,150 juu ya bahari. Mgandamizo katika nchi za tropiki hupanda na kushuka kila siku kama maji ya pwani: kilele saa nne asubuhi, chini kabisa saa kumi jioni, na pengo la hektopaskali 3 ni la kawaida. Kwa mwinuko wa Mwanza hektopaskali moja ni futi 30 hivi. Droni iliyowekewa namba ya asubuhi ikirushwa jioni bila kusahihishwa imekosea futi 90.

Ongeza joto. Kipimo cha mgandamizo kimetengenezwa kwa hewa ya kawaida, ambayo kwa mwinuko ule ingekuwa nyuzi 7 au 8. Mchana Mwanza ni 28. Hewa ya joto imetanuka, hivyo kipimo kikisema futi 400 kutoka uwanjani, chombo kwa kweli kiko karibu 430.

Sasa linganisha. Droni inaruhusiwa hadi futi 400 juu ya ardhi. Ndege inayoruka kwa macho nje ya miji haitakiwi kushuka chini ya futi 500. Pengo ni futi 100. Kwa mfano huu makosa mawili yanavutana, la mgandamizo linaishusha droni na la joto linaipandisha, lakini la mgandamizo peke yake likielekea juu linakaribia kulimaliza pengo lote.

#5 Mwewe wa Ziwa
Dah, Bi Dira! Wewe hata chungu cha ugali unakipima kwa hektopaskali. 🙂

Lakini umenifumbua macho. Swali: siyo kwamba chombo kikisafiri dakika 40 tu, mgandamizo haujapata muda wa kubadilika?

#6 Bi Dira
#5 ugali nao unategemea mgandamizo, ndiyo maana Mbeya maji yanachemka mapema. 🙂

Uko sahihi kwa safari moja. Shida inaingia pale mwendeshaji anapoandika njia asubuhi, chombo kinabaki kimewashwa kwenye reli ya kurushia, kinaruka mara nne kwa siku kwa sifuri ile ile. Dawa ni rahisi: hatua ya kuweka upya iwe ndani ya orodha ya ukaguzi kabla ya kila ruko, na programu ikatae kuruka kama namba ina umri unaozidi nusu saa. La ardhi ni gumu zaidi. "Futi 400 kutoka nilipowashwa" si "futi 400 juu ya ardhi". Kwenye milima ya Rwanda ukiondoka bondeni unaweza kugonga mlima ukiwa ndani ya kikomo, na ukiondoka mlimani ukavuka bonde ukiwa futi 1,500 juu ya watu, na bado skrini inasoma 400.

#7 Futi Mia Nne
Kwani nani anaruka futi 500 huku kwetu? Nje ya viwanja anga ya chini ni tupu. Ndege za abiria zinapita futi elfu kumi na kitu. Naona tunatengeneza tatizo la Ulaya na kulihamishia Sengerema.

#8 Jicho la Rada
#7 si tupu, mkuu. Ndege za kuhesabu wanyamapori huruka futi 300 hadi 350 juu ya ardhi, kwa mistari iliyonyooka, saa nzima, rubani na wahesabuji wakiangalia chini. Serengeti, Tsavo, popote. Ndege za doria dhidi ya majangili vilevile. Helikopta za uokoaji. Ndege za kunyunyizia dawa ya nzige na kwelea ziko futi chache tu juu ya mimea. Na ndege yoyote inayotua inapita futi 400 ikiwa imebakiza maili moja na robo kufika kwenye njia ya kutua, kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3.

Hao ndio wanaokutana na droni, na hao ndio rada haiwaoni. Kwa tambarare kamili, rada ya usawa wa ardhi inaona chombo cha futi 400 hadi maili 25 za baharini tu. Tanzania kuna rada nne za usafiri wa anga, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Chora duara la maili 25 kuzunguka kila moja uone nchi inayobaki nje.

Na ukiwa ndani ya duara, rada ya aina ya pili inasubiri jibu la transponda, kifaa cha ndani ya ndege kinachoijibu rada. Droni isiyo na transponda haijibu. Rada ya msingi, inayotegemea mwangwi tu, inaweza kuipata, ila mitambo ya kuchuja huondoa vitu vidogo vyenye mwendo mdogo ili skrini isijae ndege-hai na magari ya barabarani. Droni ya noti 54 ina sura na mwendo wa vile vinavyofutwa.

#9 Pembe_ya_Anga
Asante Jicho. Lakini hapo si umeniunga mkono? Kama rada haioni, yanabaki macho. Na macho hayatoshi: Caravan noti 160 na droni noti 54 zikikabiliana uso kwa uso ni mita 110 kwa sekunde. Mamlaka ya Marekani, FAA, inakadiria rubani anahitaji sekunde 12.5 kutoka kuona hadi ndege ianze kugeuka. Kwa hiyo amwone akiwa mbali mita 1,375. Bawa la mita 3 kwa umbali huo ni kama kijiti cha milimita moja na nusu mwisho wa mkono ulionyooshwa. Bawa lenyewe linatazamwa kwa mbele, jembamba, halisogei kwenye kioo kwa sababu mnakuja mstari mmoja. Hakuna atakayeliona.

Hivyo droni ndiyo ikwepe. Kila kitu kiko hapo.

#10 Kiungo Hai
Ikwepe kwa amri ya nani? Kama ni rubani wa mbali kupitia setilaiti ya km 35,786, ishara inapanda na kushuka kwa robo sekunde, na jibu robo nyingine, kabla ya kuongeza muda wa mitambo na wa kufikiri. Sauti pia: mnara unaongea na redio iliyo ndani ya droni, droni inairusha setilaiti, setilaiti inampa rubani, naye anajibu kwa njia ile ile. Kwenye masafa yenye shughuli nyingi, nusu sekunde ya kimya inatosha mwingine kudhani hakuna anayejibu, akabonyeza. Sauti mbili zinagongana, hakuna anayesikika.

Na kiungo kikikatika katikati ya kukwepa? Chombo kinaweka namba ya dharura 7600 kwenye transponda na kurudi nyumbani, wakati ndege iliyokuwa inakwepwa iko njia hiyo hiyo ya kurudi.

#11 Mnara wa Pili
Sahihisho: 7600 ni kukatika kwa redio ya sauti. Kiungo cha amri kikikatika ni 7400. Tofauti ni kubwa kwa mwongoza ndege. Wa 7600 ana rubani ndani, anaona, anaweza kutii taa za mnara na kuamua. Wa 7400 anafuata alichoandikiwa kabla ya kuondoka, hana kingine.

Ndiyo maana mpango wa kupoteza kiungo lazima uwe mezani kwa mwongoza ndege mapema, kwa namba: ataendelea na mwelekeo wake dakika ngapi, atapanda au atabaki, atakwenda pointi ipi, atazunguka kwa muda gani, mafuta au betri vikifika kiasi gani anaelekea wapi, na mwisho wa yote anaangukia wapi. Mpango unaosema "atarudi nyumbani" hauna thamani yoyote kwenye skrini.

Kosa linalojirudia: kila droni ya kituo kimoja inapewa pointi moja ya kusubiri na mwinuko mmoja. Umeme wa kituo ukikatika, droni sita zinapoteza kiungo sekunde ile ile, zote sita zinakwenda pale pale. Kila moja ipewe ngazi yake, na kituo kiwe na betri ya akiba inayodumu kuliko safari ndefu kabisa.

#12 Kiungo Hai
Nimekubali, 7400. Na hilo la droni sita halitajwi vya kutosha, asante.

#13 Kasuku wa Goma
Jambo ndugu. Mnaongea kama ni mambo yajayo, lakini Kongo imeyaona zamani. Oktoba 2006 droni ya jeshi la Ubelgiji aina ya Hunter, iliyokuja na kikosi cha Ulaya wakati wa uchaguzi, ilianguka Kinshasa ndani ya makazi. Mwanamke mmoja alikufa. Desemba 2013 MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa huku Kongo, walizindua droni zao aina ya Falco hapa Goma, droni za kwanza za uchunguzi chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Januari 2014 moja ikaanguka wakati wa kutua, nyingine ikaanguka Oktoba mwaka huo.

Falco si kidude cha kilo 20, uzito wake unazidi kilo 400, na ilitumia kiwanja kimoja na ndege za mizigo na za misaada. Kwa hiyo mimi naongeza sababu ya tano: uimara wa chombo chenyewe. Ndege ya abiria imethibitishwa kiungo kwa kiungo. Droni nyingi zina injini moja, kompyuta moja, waya mmoja. Hata ikiwa na macho na kiungo, ikizima inaangukia nani?

#14 Jicho la Rada
Kabul pia, Agosti 2004. Droni Luna ya jeshi la Ujerumani ilipishana na Airbus A300 ya Ariana kwa mita 50 hivi, kisha msukosuko wa hewa nyuma ya Airbus ukaiangusha. Hakuna aliyeumia. Pale macho ya Pembe yasingesaidia: chombo cha kilo 40 kilichoingia nyuma ya A300 kimekwisha hata kama hakikugongwa. Ngazi za msukosuko zinaanzia ndege nyepesi ya hadi kilo 7,000. Kilo 20 na kilo 6,900 zimewekwa kapu moja.

#15 Binti Sheria
Habari. Mnatafuta sababu angani wakati nyingine iko kwenye karatasi. Mkataba wa Chicago wa 1944, ibara ya 8, unasema ndege isiyo na rubani hairuki juu ya nchi nyingine bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Kwa hiyo droni haina haki ya kupita, ina ruhusa ya kuombwa kila mara. Mwanza–Ukerewe ni ndani ya nchi moja. Mwanza–Kisumu ni mamlaka mbili, idara za ulinzi mbili, na vituo viwili vya kuongoza ndege vinavyopaswa kukabidhiana chombo ambacho rubani wake yuko upande mmoja tu.

Kenya ilitunga kanuni za droni 2017, Bunge likazitupa 2018, mpya zikaja 2020. Tanzania ilitoa zake 2018. Miaka yote hiyo mwekezaji hajui ajenge kwa kipimo kipi.

#16 Futi Mia Nne
Na hizo za Kenya zinakataza km 10 kutoka viwanja vikubwa na km 7 kutoka vidogo. Ndege inayotua iko futi 1,700 ikiwa km 10. Droni iko 400. Tunaogopa nini?

#17 Mnara wa Pili
#16 unahesabu ndege inayotua vizuri, mstari mmoja. Duara lipo kwa ajili ya zisizofanya hivyo: inayoghairi kutua na kugeuka chini, mwanafunzi anayezunguka kiwanja, helikopta isiyofuata njia yoyote, inayopanda kwa injini moja baada ya hitilafu. Kiwanja cha Wilson kiko ubavuni mwa katikati ya Nairobi, Eastleigh upande wa pili, Jomo Kenyatta mashariki. Ukiweka maduara yote matatu jiji limekwisha. Nakubali ni pana, lakini lipunguzwe kwa kuchora njia halisi za kila kiwanja. Kuondoa namba tu hakutoshi.

#18 Binti Sheria
Nyongeza kwa #15: ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wanakuja na Kiambatisho cha 6 Sehemu ya IV kuhusu safari za kimataifa za droni, kinaanza kutumika tarehe 26 Novemba 2026. Kiambatisho cha 10 tayari kina juzuu ya VI kuhusu kiungo cha amri, na leseni ya rubani wa mbali iko kwenye Kiambatisho cha 1 tangu 2022.

#19 Mwewe wa Ziwa
Kwa hiyo kuanzia hiyo Novemba droni za damu zitavuka mipaka bila shida?

#20 Binti Sheria
Hapana. Hayo ni ya vyombo vikubwa vilivyothibitishwa, vinavyoruka kimataifa kwa kufuata vipimo vya ndani badala ya macho, kama ndege nyingine kubwa. Droni ya damu inabaki chini ya kanuni za ndani za kila nchi. Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Kuna miunganiko miwili. Wa juu: droni kubwa yenye transponda, redio na mpango wa safari, inaingia foleni ya kawaida. Mfano ni SkyGuardian iliyovuka Atlantiki Julai 2018 kutoka North Dakota hadi Fairford, Uingereza, saa 24 na dakika 2. Wa chini: maelfu ya droni ndogo ambazo hakuna mwongoza ndege atakayeongea nazo moja moja.

#21 Jicho la Rada
Hata huo wa juu una kaburi lake. Ujerumani iliachana na droni kubwa ya upelelezi Euro Hawk Mei 2013 baada ya kutumia zaidi ya euro milioni 500. Kikwazo kikubwa kilikuwa cheti cha kuruka ndani ya anga ya Ulaya, na mfumo wa kuepuka mgongano haukuwemo. Ndege ilikuwa tayari imeruka.

#22 Pembe_ya_Anga
Kuepuka mgongano. Macho. Nakushukuru tena. 🙂

#23 Jicho la Rada
Cheti, mkuu. Soma tena. 🙂

#24 Mkaa Kileleni
Samahani, natoka kidogo nje ya mada. Mnazungumzia futi 400 na futi elfu kumi, mmesahau juu kabisa. Kenya ilipitisha maputo ya intaneti ya Loon mwaka 2020, yakielea km 20 juu. Na 2025 Zephyr, droni ya umeme wa jua ya kampuni ya AALTO, ilirushwa kutoka Laikipia ikakaa angani siku 67. Bawa mita 25, uzito chini ya kilo 75. Kule juu haina wa kugongana naye. Taabu ni kupanda na kushuka: inapita ngazi zote za ndege za abiria kwa mwendo wa baiskeli, saa nyingi, ikichukuliwa na upepo. Mwongoza ndege anatenga mnara mrefu wa anga wenye kipenyo kikubwa na kuufunga usiku, kisha upepo unausogeza.

#25 Mnara wa Pili
#24 si nje ya mada hata kidogo. Unaufunga kwa ubashiri wa upepo, na ubashiri ukikosea saa ya tatu huwezi kuirudisha chini haraka. Nalikubali kama sababu ya saba, baada ya ile ya karatasi ya #15.

#26 Kiraka cha Anga
Nimesoma wote. Naona jibu la droni ndogo ni kuacha kuwaza mwongoza ndege kabisa. NASA walifanyia majaribio mfumo wa pembeni, ambao waendeshaji wanapeana mipango yao kwa kompyuta, kila mmoja anatangaza ujazo wa anga na muda wake, na mashine inakataa ujazo unaogongana. Ulaya imeuweka kisheria, kanuni 2021/664, inatumika tangu Januari 2023. Huduma nne ni za lazima: utambulisho kwa mtandao, taarifa za maeneo yenye mipaka, idhini ya safari, na taarifa za vyombo vilivyo jirani. Ndege yenye rubani ikiingia eneo hilo bila kuongozwa na mnara, lazima ijitangaze kielektroniki.

Hapo ndipo ufunguo ulipo. Kila chombo kiseme "niko hapa". Weka ADS-B kwenye kila droni, kisambazaji cha gramu chache kinachotangaza nafasi ya chombo kwa redio, kila ndege itaiona. Tumemaliza.

#27 Jicho la Rada
Hatujamaliza. Marekani imekataza droni ndogo kurusha ADS-B, kwa sababu masafa ya 1090 yangejaa. Kila kisambazaji kinarusha nafasi mara mbili kwa sekunde, kasi mara mbili, na utambulisho juu yake. Zidisha kwa maelfu ya droni ndani ya jiji moja, na ndege za abiria hazisikilizani tena.

#28 Kiraka cha Anga
Hiyo ni Los Angeles. Juu ya Ziwa Victoria masafa yako matupu. Hili ndilo tatizo la Ulaya na Marekani analolisema #7, tusilinunue.

#29 Jicho la Rada
Hapo una hoja, na sina pingamizi kwa ziwani. Ila chagua aina ya ujumbe kwa makini. Ikirusha kama transponda kamili, mfumo wa kuzuia mgongano wa ATR, ndege ya abiria ya propela, utaihoji na unaweza kumpa rubani amri ya kupanda au kushuka kwa ajili ya kitu cha kilo 20. Ikirusha kama kifaa kisicho transponda, ATR itakiona kwenye skrini kama ina kipokezi, lakini amri haitatoka. Na chini ya futi 1,000 juu ya ardhi mfumo huo hautoi amri yoyote, ili usimsukume rubani anayetua. Kwa hiyo mahali droni zinapoishi, ulinzi mkubwa wa ndege ya abiria umelala.

#30 Kasuku wa Goma
Na Cessna ya mzee wa misheni, isiyo na kipokezi wala kisambazaji? Hiyo ndiyo iliyoko huku.

#31 Pembe_ya_Anga
Ndiyo maana masikio. Zipline wametengeneza mfumo wa maikrofoni ndogo zinazosikiliza injini za ndege pande zote, hadi karibu maili 2, na Septemba 2023 FAA ikawaruhusu kuruka bila watazamaji wa chini. Haihitaji mzee wa misheni anunue kitu.

#32 Bi Dira
Maili 2 kwa mita 110 kwa sekunde ni sekunde 29. Toa muda wa kutambua na muda wa droni kugeuka. Inatosha kwa Caravan moja. Upepo mkali wa ziwani ukivuma kwenye maikrofoni, au ndege ikija kutoka upande wa upepo unaochukua sauti yake mbali, hizo 29 si 29 tena.

Na nataka mlione hili, kwa sababu linarudi kwenye hoja yangu ya #4. Kipimo cha ASTM, shirika la viwango, cha droni ndogo kubaki mbali na ndege yenye rubani ni futi 2,000 kwa mlalo na 250 kwa wima. Droni iliyo futi 400 na ndege iliyo futi 500 zote ziko halali, lakini zimeachana futi 100. Kwa hiyo kila zinapopishana juu na chini, mashine ya kukwepa itapiga kelele na droni itatoka njiani, na wote wawili walikuwa wanatii sheria. Ukipunguza usikivu wa mashine, unapoteza ulinzi. Ukiuacha, droni ya damu inakwepa kutwa nzima na betri inaisha kabla ya kisiwa.

#33 Futi Mia Nne
Basi droni ishushwe hadi futi 250 juu ya maji. Ziwani hakuna mlima.

#34 Kiungo Hai
Futi 250 ni mita 76. Kwa antena ile ile ya mita 10, upeo wa redio unashuka kutoka km 58 hadi km 49. Antena moja ilikuwa haifiki Ukerewe, sasa inabaki mbali zaidi.

#35 Mwewe wa Ziwa
Antena ya pili basi. Kati ya Mwanza na Ukerewe kuna visiwa vidogo kadhaa njiani. Paneli ya jua, mlingoti wa mita 15, redio ya kurudia.

#36 Kiungo Hai
Inawezekana. Lakini redio ya kurudia ikikaa kisiwani ni sehemu ya kiungo cha amri, siyo kifaa cha ziada. Nayo ipimwe kwa namba nne za kiungo cha amri: upatikanaji, mwendelezo bila kukatika, uhakika wa ujumbe, na muda wa amri kwenda na kurudi. Na iwe na mlinzi, betri ya paneli huwa haikai muda mrefu pale ilipowekwa.

#37 Mnara wa Pili
Na mlingoti wenyewe utangazwe kama kizuizi, upakwe rangi na uwekwe taa. Njia ya helikopta inapita pale.